Kiwanda Kilichouzwa kwa Kilo

Ikot Efrang,
9 Aprili 2000

Mdogo wangu Arit,

Barua hii ikinuka petroli usishangae. Naiandikia kwenye foleni ya kituo cha mafuta, leo siku ya pili, debe langu likiwa la themanini na ngapi sijui. Nchi inauza mafuta dunia nzima, na sisi tunaokaa mwendo wa saa moja tu kutoka visimani tunalala barabarani na madebe. Jana mama mmoja kaniuliza, "Ufot, wewe ni fundi, hebu niambie, haya mafuta yanayotoka kwetu yanakwenda wapi?" Nikamwambia yanakwenda kusoma ng'ambo. Watu wakacheka kidogo tu, maana njaa ilikuwa inawauma.

Petroli yenyewe ni ya pampu ya maji. Unakumbuka zamani maji na taa za mji mzima zilitoka kwetu kiwandani, bure kabisa? Makapi ya michikichi yalichoma boila, boila ikatoa mvuke, mvuke ukazungusha mtambo, umeme ukaja. Hatukununua hata tone. Sasa kiwanda kimefungwa mwaka wa nne huu, michikichi inaozea shambani, na mawese ninayokula nyumbani kwangu yametoka Malaysia. Mimi, Ufot Ekong, fundi wa mtambo miaka ishirini na miwili, nakula mawese ya Malaysia! Aibu gani hii?

Nimekwisha kuielewa serikali yetu. Mafuta ya petroli yakipanda bei, haituhitaji. Yakishuka, haituwezi. Mwaka upi basi ulikuwa wetu?

Lakini mtambo haujafa. Hilo ndilo nataka ulijue. Kila Jumatatu na Ijumaa tunakwenda watu saba, tunaingiza mtaimbo, tunazungusha shafti nusu mzunguko, tunatia grisi, tunarudi nyumbani. Shafti nzito namna ile ikilala upande mmoja miezi mingi inapinda kwa uzito wake yenyewe, na ikishapinda hata ukileta malaika hawaiwashi. Hatulipwi. Mayen ananiita mume wa mtambo. Anasema laiti ningemgeuza yeye hivyo mara mbili kwa wiki.

Sasa redio inasema serikali inauza viwanda vyake vyote. Sisi wafanyakazi na wakulima wa michikichi tumeunda ushirika tukinunue wenyewe. Mzee Imoh ndiye mwenyekiti. Watu wameuza pikipiki, wameuza mashamba. Wewe uko Abuja, kwenye hiyo ofisi yako ya takwimu. Huwezi kutujulia nani anashika faili letu? Hatutaki upendeleo. Tunataka tu asiwe mjinga.

Kaka yako,
Ufot


Abuja,
2 Mei 2000

Kaka Ufot,

Barua yako ilifika na harufu yake yote. Nimecheka, kisha nimekaa kitandani nikasikitika. Msalimie wifi Mayen na umwambie nimesikia malalamiko yake.

Kuhusu faili, mimi bado niko takwimu, kaka, sina ninayemjua huko kwenye ofisi ya mauzo. Na nakusihi usitaje jina langu popote, wala kwa Mzee Imoh. Sheria yao ni kali: ofisa yeyote wa serikali akionekana ana ndugu kwenye ushirika unaoomba kununua, ushirika unatupwa nje siku hiyo hiyo. Barua zako zilete nyumbani, si ofisini. Kule zinapotea.

Najua una hasira na mambo haya ya kuuza, lakini ngoja nikwambie ninavyoona. Nchi hii imesimama kwa mguu mmoja, nao ni petroli. Serikali inapokea fedha bila kutoka jasho, ndiyo maana haioni haja ya kiwanda kupata faida. Mameneja wangapi mmeletewa kutoka huku? Kumi na mmoja? Hata mmoja hakujua mchikichi ukoje. Mwenye mali anayelala njaa mali isipozalisha, huyo atakitunza. Watu binafsi wakishika viwanda, kazi zitarudi, kodi italipwa, na siku petroli ikianguka hatutaanguka nayo. Hayo nayaamini, kaka. Si maneno ya kitabuni tu.

Lakini inategemea nani anauziwa, na inategemea kuna nini cha kuuza. Kwa hiyo nakuuliza, na unijibu mimi kama dada yako, si kama mtu wa Abuja: kiwanda kina hali gani? Kweli kabisa? Mtambo ukitiwa mvuke leo, utazunguka?

Ulinisomesha kwa mshahara wa mtambo ule, ndiyo maana nauliza.

Mdogo wako,
Arit


Ikot Efrang,
21 Mei 2000

Arit,

Umeniuliza swali, nakujibu. Mtambo ni mzee. Una kutu. Boila imetoboka. Hakuna cha maana.

Yale niliyokuandikia mwezi wa nne niliyaandika nikiwa na njaa ya siku mbili kwenye foleni, usiyashike sana. Na usiniulize tena habari za kiwanda kwenye barua. Barua zinapita mikono mingi.

Mayen amepanda mihogo nyuma ya nyumba. Paa la jikoni linavuja. Kuhusu hotuba yako ya mguu mmoja, nimeisoma mara tatu, nzuri sana, ila sisi tunaoishi chini ya huo mguu hatukuhitaji kuambiwa.

Ufot


Abuja,
30 Julai 2000

Kaka,

Nimekaa na barua yako miezi miwili bila kujua nikujibu nini. Sasa nimesikia jambo, na nitakwambia, ukasirike ukitaka.

Kuna mtu anayefahamiana na wathamini waliokuja huko mwezi uliopita. Wanasema walikuta mtambo umefunikwa matope na majani, kutu inadondoka mabamba mabamba, kibati cha mtengenezaji hakipo, waya zimeng'olewa. Wanasema walifungua kabati kubwa la swichi wakakuta kuku ameatamia mayai kumi na moja, akawarukia usoni. Hiyo wameiandika kwenye ripoti yao, kaka. Kuku! Mtu huyo alikuwa anacheka hadi machozi yanamtoka, na mimi nilikuwa nacheka naye huku roho inaniuma.

Mbona uliniambia mnakwenda kila Jumatatu na Ijumaa? Miaka minne umekuwa ukimwambia kila mtu hivyo. Nilijivunia. Niliwasimulia watu huku. Kama kiwanda kilikushinda ungesema kimenishinda, nani angekulaumu? Hukulipwa. Hakuna mwenye haki ya kukudai hata dakika moja. Lakini kunidanganya mimi!

Basi tuyaache. Nataka ufikirie upya. Kuna njia mbili za kuuza kiwanda. Ya kwanza, kiuzwe kizima kwa mtu wa kukiendesha. Hiyo ni miaka mitano ya kesi na vikao, na kwa mtambo uliokufa hapatokei mtu. Ya pili, kiuzwe kama vyuma chakavu, kwa kilo, miezi mitatu tu, na sheria inasema wafanyakazi walipwe kwanza kiinua mgongo chao na mishahara yote ya nyuma. Yote! Ungetengeneza paa. Ungefungua karakana yako mwenyewe. Una miaka hamsini na moja, kaka, si themanini. Kama ingekuwa mimi ndiye naulizwa, ningechagua hiyo ya pili bila kusita, kwa ajili yako.

Mzike maiti, ule matanga, uendelee na maisha.

Arit


Ikot Efrang,
20 Agosti 2000

Arit, Arit, Arit!

Kaa chini kwanza. Umekaa? Umecheka kuhusu kuku? Basi cheka tena, maana kuku yule ni wa Mayen!

Sasa naweza kusema. Kabla ya barua yako ya Mei, Mzee Imoh alituita watu wote wa ushirika nyumbani kwake akatunywesha mbiam. Maji ya kiapo, mdogo wangu, si mchezo. Unajua mwenyewe, mtu akiyanywa kisha akatoa siri, anavimba miguu, anavimba tumbo, anakwenda. Tuliapa tusimwambie mtu, si mke, si mtoto wa mama mmoja, mpaka zabuni zikabidhiwe. Jumatatu iliyopita ushirika umekabidhi bahasha yetu ya zabuni mjini Uyo, na Mzee akavunja chungu cha kiapo mbele yetu. Ulimi wangu umefunguliwa.

Sikiliza sasa. Mzee alisema hivi: "Mbuzi unayetaka kumnunua, humsifu sokoni mbele ya mwenye mbuzi. Unasema ana kikohozi." Kweli au si kweli? Kiwanda kikithaminiwa kwa bei yake ya haki, sisi tutapata wapi fedha? Atakuja tajiri wa Lagos mwenye visima vya petroli akinunue kama anayenunua kikombe cha chai. Lakini kikithaminiwa kama kigonjwa, tajiri hatakitaka, na bahasha yetu itatosha.

Basi tulikiugulisha! Siku nne mchana kutwa. Tulibeba matope ya mtoni kwa ndoo tukaukandika mtambo, lakini chini ya matope tuliufunga maturubai mawili na grisi inchi nzima. Mabati yenye kutu tuliazima kwenye paa la shule ya zamani. Kibati cha mtengenezaji nimekifukia chini ya kitanda changu. Waya walizoziona zimeng'olewa ni za redio mbovu ya Uwem fundi saa. Zile zenyewe tulizikunja vizuri darini. Kuku ndiyo lilikuwa wazo langu. Mayen, bila kuambiwa kuku ni wa kazi gani, aligoma, nikamlipa kwa kukata kuni wiki nzima. Mthamini mmoja alipiga kelele kama mtoto.

Walipoondoka tukakaa sakafuni tukacheka mpaka Mzee Imoh akashikwa na kwikwi. Ijumaa yake tukaosha matope, tukaingiza mtaimbo. Arit, shafti inazunguka kwa mikono miwili. Mikono yangu miwili tu! Hatujakosa hata Jumatatu moja. Sijakudanganya ila mara ile moja, na hata hiyo mkono ulikuwa mzito.

Umesema nizike maiti. Hapa hakuna maiti. Mwezi wa kumi ushirika ukipewa funguo, Desemba uje na likizo yako, ukute taa zinawaka kuanzia mtoni hadi kanisani. Njoo, nitakuacha ubonyeze swichi mwenyewe.

Naituma kwa dereva wa basi. Wanasema wenye malori ya petroli wamegoma, kwa hiyo sijui itakufikia lini.

Kaka yako mwongo,
Ufot


Abuja,
20 Septemba 2000

Kaka,

Barua yako imefika jana. Mwezi mzima imekaa njiani kwa ajili ya mgomo wa petroli.

Sijui namna nzuri ya kusema, kwa hiyo nasema tu. Siko takwimu. Tangu Januari nimehamishiwa ofisi ya mauzo. Faili lenu liko mezani kwangu. Uliuliza nani analishika, ni mimi. Nilikuficha kwa sababu ile ile niliyokueleza, ingejulikana kuwa wewe ni ndugu yangu, ushirika wenu ungetupwa nje. Nilitaka niwasaidie kimya kimya.

Ripoti ya wathamini nimeisoma mimi. Pendekezo nimeliandika mimi. Niliandika kwamba kiwanda cha Ikot Efrang hakifai kuuzwa kizima, kiuzwe kwa kilo, ili wafanyakazi walipwe haraka. Nililisaini tarehe 11 Septemba. Nilifurahi siku ile, kaka. Nilijinunulia samaki wa kuchoma.

Bahasha ya ushirika haikufunguliwa. Njia ikishabadilishwa kuwa ya vyuma chakavu, zinafunguliwa bahasha za wafanyabiashara wa vyuma peke yao. Amekipata mmoja wa Onitsha.

Leo asubuhi nimeingia kwa mkurugenzi nikamwambia nina habari kwamba mtambo ni mzima. Akaniuliza, "Habari kutoka kwa nani?" Nikamwambia siwezi kutaja jina. Akasema, "Dada Arit, petroli imepita dola thelathini kwa pipa. Wizara nzima haina muda, watu wanagawana nyama. Wewe unataka nipandishe faili la mawese?" Nikasisitiza. Akasema sawa, kuna njia moja: niandike kwa saini yangu kuwa wathamini walidanganywa kwa makusudi, nitaje nani na nani, mauzo yasimamishwe, na faili liende polisi.

Polisi, kaka. Kudanganya maofisa wa serikali wanaothamini mali ya umma ni miaka saba.

Nikiandika, mtafungwa watu wote mliokunywa kile kiapo. Nisipoandika, watakuja na mitungi ya gesi waukate mtambo vipande. Sijalala tangu jana. Niambie nifanye nini. Nitafanya lolote utakalosema, ila uniambie upesi, na dereva nimemlipa akusubiri.

Arit


Ikot Efrang,
15 Oktoba 2000

Wifi Arit,

Ni Mayen naandika. Kaka yako hataki kukuandikia, na mimi sitakuficha: amekukasirikia. Dereva alimsubiri siku mbili akaondoka mikono mitupu.

Barua yako aliisoma amesimama mlangoni. Akaikunja, akaenda kwa Mzee Imoh bila viatu. Ushirika ukakutana usiku na mchana. Ufot alisimama akasema, "Aandike. Anitaje mimi peke yangu, niseme matope ni yangu, kuku ni wangu, nifungwe mimi, mtambo ubaki." Watu wengine wakakubali haraka sana, wifi, haraka mpaka nikaona aibu. Lakini Mzee Imoh akalia. Mzee yule, mbele ya watu! Akasema wazo lilikuwa lake, hawezi kumwacha mtu wa watoto wanne aende jela kwa akili yake yeye. Na polisi hawataamini kwamba mtu mmoja alibeba matope yale yote. Wakabishana siku tatu. Siku ya nne malori ya mnunuzi yakafika na geti likafungwa, kabla hawajaamua kitu.

Sasa nisikilize, maana mimi sikunywa kiapo chochote. Nyote wawili mna makosa. Yeye na wenzake walijiona werevu kuliko serikali. Lakini wewe! Basi moja tu kutoka Abuja, siku moja, unashuka, unanywa maji kwangu, unauliza, "Wifi, twende tukautazame huo mtambo." Ungeushika kwa mkono wako. Karatasi imekwambia kuna kuku, ukaamini karatasi ukamwacha kaka yako. Shule yote ile aliyokulipia, hiyo ndiyo ilikufundisha?

Nimesema, yamekwisha moyoni mwangu. Mimi sina kinyongo cha muda mrefu, nina soko la kwenda.

Malipo yale uliyosema yamekuja, nusu yake. Mameneja wa zamani wamelipwa kwanza. Ufot hajaenda kuchukua yake. Ijumaa iliyopita aliniambia, "Mayen, leo nakwenda wapi?"

Mwandikie tena hata asipojibu.

Wifi yako,
Mayen


Ikot Efrang,
26 Novemba 2000

Arit,

Nimepokea barua zako tatu. Acha kuomba radhi, inanichosha.

Nilikukasirikia, na bado. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na mimi nguo yenyewe niliishona. Nilikuwa nikilala nikikuona umekaa mezani na kalamu unatuuza kwa kilo kama dagaa. Nikiamka najiona mimi na ndoo ya matope. Hasira inakosa pa kukaa, inazunguka nyumba nzima. Mayen ameichoka.

Sasa nakupa habari. Yule mnunuzi wa Onitsha, Chukwuelue jina lake, alianza kubeba vyuma vidogo vya nje, kisha mwisho wa Oktoba akaja na vijana wake na mitungi ya kukatia mtambo. Nilisimama getini kama jiwe. Akaniuliza, "Mzee, unataka nini?" Nikamwambia nataka niuone ukifa. Akanihurumia, akaniruhusu. Kijana alipowasha moto nikashindwa, nikapiga kelele, "Ngoja!" Nikaingiza mkono, nikasukuma shafti. Ikazunguka. Pole pole, bila sauti, ikaenda mzunguko mzima ikasimama.

Chukwuelue akazima moto yeye mwenyewe. Akazunguka mtambo mara mbili. Akaniuliza, "Nani ameniuzia kitu hiki kwa bei ya misumari?" Arit, nilitaka kusema ni dada yangu. Sikusema.

Mtu yule si mjinga. Ndani ya wiki moja amepata mteja Ghana, kampuni ya watu binafsi yenye mashamba ya michikichi, wanatafuta mtambo kama huu huu. Amewauzia kwa mara arobaini ya alichowalipa ninyi. Mara arobaini! Akaniajiri niufungue. Nimeufungua kwa mkono wangu, bolti moja moja, kila kipande nimekiandika namba kwa rangi nyeupe ili wasikosee kuunganisha. Siku kumi na sita. Kibati cha mtengenezaji nimekichimbua nikakirudisha mahali pake. Malori yalipoondoka watu walipanga mstari barabarani kama mazishi. Mzee Imoh hakutoka ndani.

Ulisema mwenye mali anayelala njaa atakitunza kiwanda. Sasa naona ulisema kweli, ila mwenye mali ni Mghana. Na mwakani tutakula mawese yao.

Hao Waghana wanataka mtu anayeujua mtambo. Chukwuelue amenitaja. Wanauliza cheti, na mimi vyeti vyangu vilikaa ofisi ya meneja wa sita, naye aliondoka na makabati. Wanasema barua ya mtu wa serikali anayenifahamu itatosha. Nina hasira na wewe, lakini sina mtu mwingine wa serikali.

Niandikie. Karatasi ya kawaida, jina lako tu, usitie mhuri wala usitaje ukweli wa mauzo, utafukuzwa kazi bure. Mmoja wetu abaki na mshahara.

Mayen amekubali twende wote.

Ufot


OFISI YA MAUZO YA MALI ZA UMMA
Abuja, 11 Desemba 2000

Kwa Meneja,
Kiwanda cha Mawese, Takoradi, Ghana.

YAH: BWANA UFOT EKONG, FUNDI WA MTAMBO

Namfahamu mtajwa hapo juu kwa maisha yangu yote. Amefanya kazi kwenye kiwanda cha Ikot Efrang miaka ishirini na miwili, kuanzia msafisha boila hadi fundi mkuu wa mtambo wa mvuke. Kiwanda kilipofungwa na mishahara ikakatwa, yeye na wenzake sita waliendelea kuutunza mtambo mara mbili kila wiki kwa zaidi ya miaka minne bila malipo. Mtambo mliopokea ni mzima kwa sababu yake. Hana kasoro ninayoijua katika kazi.

Mnaweza kujiuliza kwa nini mtambo mzima uliuzwa kama vyuma chakavu. Jibu ni kwamba mimi ndiye niliyependekeza hivyo, kwa saini yangu, tarehe 11 Septemba mwaka huu. Niliamini karatasi iliyoletwa mezani kwangu. Kutoka hapa hadi Ikot Efrang ni safari ya siku moja kwa basi, na sikwenda kuutazama. Kosa ni la ofisi hii na ni langu. Si la fundi.

Bwana Ekong ni kaka yangu, tumbo moja. Jambo hilo nilipaswa kulieleza ofisini tangu Januari na sikulieleza. Nalieleza sasa, na nakala ya barua hii naiweka kwenye faili la kiwanda na nyingine naipeleka kwa mkurugenzi.

Mkitaka kuuliza lolote zaidi, niandikieni mapema, maana sijui nitakuwa kwenye ofisi hii hadi lini.

Arit Ekong
Ofisa Mwandamizi
(mhuri)